Petroli au dizeli ukiwa na tela nyuma: niliyojifunza njia ya Arusha hadi Serengeti

Kazi yetu ni kuhamisha kambi. Wageni wanakaa kwenye magari yao ya kutazamia wanyama, sisi tunatangulia na mahema, magodoro, meza, viti, majiko, mitungi ya gesi, maji na chakula cha safari nzima, ili jua likizama wakute mahema yamesimama na chai iko mezani. Mzigo huo hauenei kwenye gari moja, kwa hiyo nyuma kuna tela. Likishapakiwa, tela letu linakaribia tani moja na nusu, na gari lenyewe limembeba mpishi, utingo wawili na kila kilichokumbukwa dakika ya mwisho.

Bahati nzuri ofisini kwetu kulikuwa na Land Cruiser pickup mbili ambazo kwa nje huwezi kuzitofautisha. Moja ina injini ya dizeli, 1HZ. Nyingine ina petroli, 1FZ. Chasi ileile, springi zilezile, tela lilelile, njia ileile: Arusha, Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu, Ngorongoro, Serengeti. Ukiyaendesha yote mawili msimu baada ya msimu, mabishano mengi ya kijiweni yanakwisha yenyewe.

La kwanza ni la nguvu. Ukimuuliza mtu yeyote pale gereji, atakwambia dizeli ndiyo ina nguvu ya kuvuta. Haya, tuangalie. 1HZ ni lita 4.2, silinda sita, haina turbo (feni ya kuisukumia injini hewa zaidi), nguvu za farasi kama 130. 1FZ ni lita 4.5, silinda sita, nayo haina turbo, lakini inapita 200. Wengine watasema farasi hazihusiki, kinachovuta ni torki, yaani ile nguvu ya injini ya kuzungusha. Sawa, twende na torki, inayopimwa kwa Nm: 1HZ inatoa kama Nm 285, na 1FZ inapita 350. Hata hapo petroli iko mbele. Tofauti ni kwamba dizeli inakupa torki yake yote injini ikizunguka mara 2,000 na kidogo kwa dakika, wakati petroli inataka uifikishe 3,000 na zaidi ndipo itoe kilichomo.

Hiyo tofauti dereva anaihisi mguuni. Ukitoka kwenye tope au ukianza kuondoka mlimani na tela limejaa, dizeli unaiachia klachi taratibu, inanguruma, inaondoka. Petroli usipoichangamsha inazima, na ukiichangamsha sana klachi inanuka. Kwa hiyo dereva akishuka kwenye dizeli anasema "hii ina nguvu". Anachokisifia hasa ni utulivu wake pale chini. Gari likishashika mwendo, mambo yanageuka.

Kuta za Bonde la Ufa pale Mto wa Mbu ndizo zilizonionyesha. Unatoka mjini kwenye migomba na maduka ya vinyago, barabara inaanza kupanda kwa kona kali, nyani wamekaa ukingoni wanasubiri ndizi, na Ziwa Manyara linabaki chini mkono wa kushoto. Gari la petroli lilikuwa linapanda pale na gia ya tatu, likilia kidogo. La dizeli, na tela lilelile, lilikuwa linaomba gia ya pili kabla ya kona ya pili, linatoa moshi mweusi, na mabasi ya Karatu yanatupigia honi nyuma. Sijawahi kuona 1HZ ikilishinda lile la petroli kwenye mlima ule. Hata siku moja.

Ukishapita Karatu na geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, lami inaisha na unaingia msituni. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi. Hesabu ya karibu ni kwamba kila unapopanda mita 1,000, injini isiyo na turbo inapoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu yake, kwa sababu hewa inayovuta ina oksijeni kidogo. Kwenye ukingo wa Ngorongoro basi, magari yetu yote mawili yalikuwa yamekatwa kama moja ya tano. Aliyekuwa na nyingi alibakiwa na nyingi. Aliyekuwa na farasi 130 alibakiwa na kama 100 za kuvuta gari, tela, watu na sufuria. Tena pampu ya dizeli ya zamani, kama haina kifaa cha kupunguza mafuta kufuatana na mwinuko, inaendelea kumwaga kiasi kilekile ingawa hewa imepungua. Yasiyoungua ndiyo yale mawingu meusi mnayoyaona nyuma ya magari kwenye ile misitu.

Mzee aliyenifundisha njia ile alikuwa na tabia ya kuweka kidole kwenye kioo cha geji ya joto, bila kusema kitu, sindano inapoanza kunyanyuka. Siku moja nikawa nalazimisha gia ya tatu, mguu umegusa sakafu.

"Mwanangu, unamnyonga," akasema.

"Mzee, nikiweka ya pili atapiga kelele sana."

"Mwache apige kelele. Akipiga kelele, maji yanazunguka na feni inazunguka. Akinyamaza hivyo huku umemkanyaga, ujue anaungua."

Nikarudisha ya pili. Sindano ilikaa palepale kwa muda, kisha ikashuka upana wa msumari. Tangu hapo naangalia geji kabla ya kuangalia saa. Kiyoyozi tunazima kuanzia Mto wa Mbu, na kama sindano ni mbishi tunafungua hita ya ndani, jasho litutoke sisi badala ya injini. Ushauri huu haubagui, unahusu petroli na dizeli sawasawa.

Sasa mtu atauliza: kama petroli ilikuwa inashinda milima yote, mbona ofisi iliishia kuliuza lile la petroli?

Jibu liko kwenye tangi. Bila tela, gari la petroli lilikuwa linakwenda kama kilomita tano kwa lita, na la dizeli saba hadi nane. Hiyo unaweza kuivumilia. Ukifunga tela na kuanza kupanda, petroli inashuka hadi tatu, na siku ya tope hata tatu haifiki. Dizeli inashuka hadi tano au tano na nusu, inagota hapo. Sababu zipo. Lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli, kwa kama sehemu moja ya kumi. Dizeli inakandamiza hewa zaidi sana kabla ya kuunguza, kwa hiyo inapata kazi nyingi zaidi kwenye tone lilelile. Na injini ya petroli ikikanyagwa hadi mwisho kwa muda mrefu inaongezewa mafuta kuliko inavyoyahitaji, ili yale ya ziada yapoze vyumba vya kuunguzia. Yaani sehemu ya hela yako inatumika kama maji ya rejeta.

Piga hesabu ya kilomita 1,000 za kuvuta. Petroli kwa kilomita tatu kwa lita ni lita 333. Dizeli kwa tano na nusu ni lita 182. Hapo katikati kuna lita 150. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, wanatangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kuna miezi dizeli iko chini ya petroli na miezi iko juu, lakini sijaona mwezi ambao dizeli imepanda kiasi cha kuzifuta lita 150.

Tena hapo sijagusa usalama. Kutoka Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni zaidi ya kilomita 300. Tangi la gari letu ni lita 90. Dizeli ilikuwa inafika na kubakiza. Petroli ilikuwa haifiki bila kubeba madumu. Seronera kuna kituo cha mafuta, lakini lazima kwanza ufike, na bei ya porini unaijua mwenyewe. Kwa hiyo gari la petroli lilikuwa linasafiri na madumu ya petroli ndani ya tela, jirani na mitungi ya gesi ya kupikia, jua kali, barabara inatingisha kila kitu. Petroli inatoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya chini ya sifuri. Dizeli inahitaji kupashwa hadi zaidi ya nyuzi 50 ndipo mvuke wake uweze kuwaka. Mpishi wetu, ambaye sigara haimtoki mkononi, alikuwa anaambiwa akae mbali na tela kila tunaposimama, naye kila mara anaonekana ameonewa. Madumu yale ndiyo yaliyonikosesha usingizi kuliko mlima wowote.

Dizeli nayo ina makuu yake. Kubwa ni uchafu wa mafuta. Wanaokumbuka miaka ya kabla ya 2010 wanajua jinsi mafuta ya taa yalivyokuwa yakichanganywa kwenye dizeli kwa sababu yalikuwa na kodi ndogo. Serikali ikaleta vinasaba, yaani alama ya kutambulisha mafuta halali, vya kuwekwa kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipotee. Hali ikatengemaa sana. Lakini mafuta ya madumu ya njiani bado ni ya madumu ya njiani, na pampu ya dizeli inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Mafuta ya taa hayana ule ulaini. Gari halizimi siku hiyo. Linaanza kuwaka kwa shida asubuhi, halafu linakosa mvuto, halafu siku moja fundi anakwambia pampu na nozeli, zile za kupulizia mafuta ndani ya injini, vyote viende kupimwa.

Zoezi ninalowafundisha vijana wote wanaokuja kazini ni la dakika mbili. Chini ya chujio la dizeli kuna kifungulio kidogo cha plastiki. Weka chupa ya kioo chini yake, kilegeze kwa vidole, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu mara chache, halafu subiri. Dizeli inakaa juu, ina rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Maji yanajikusanya chini, meupe, yana mpaka wake kabisa, na mara nyingine kuna takataka nyeusi zinaelea hapo mpakani. Baada ya kujaza mafuta sehemu nisiyoifahamu, nafanya hivyo kabla ya kulala. Pale Simba, kambi ya ukingoni mwa kreta, niliwahi kulazimika kuiacha chupa chini na kurudi ndani ya gari haraka, tembo amekuja kunywa maji kwenye tangi la kambi na njia yake inapita palepale nilipochuchumaa. Yeye alikunywa akaenda zake. Chupa niliikuta imesimama.

Asubuhi za pale ni za baridi ya kweli, na hapo petroli inawaka kwa ufunguo mmoja. Dizeli inasubiri taa ya hita za kupasha silinda izimike kwanza, na kama hita mojawapo imekufa utasikia gari linakohoa na kambi nzima inaamka. Hilo ni dogo.

Wapo walioona unyonge wa 1HZ mlimani wakaifunga turbo ya mtaani. Nimeendesha moja. Inapendeza, sikatai, inapanda Mto wa Mbu bila aibu. Lakini injini ile ni ya chumba cha awali, mafuta yanaanza kuungua kwenye kijichumba ndani ya kichwa cha silinda, na moto wote unakaa pale kichwani. Ukiongeza turbo na kuongeza mafuta bila geji ya joto la moshi, na tela nyuma, unachezea kupasuka kwa kichwa. Ukitaka dizeli ya turbo, nunua iliyozaliwa na turbo.

Kuna bishano jingine ambalo mimi naliona la hatari zaidi, la kushuka. Watu wanaamini dizeli inashika gari vizuri mteremkoni kwa sababu ina mgandamizo mkubwa. Kinachotokea ni kwamba hewa iliyokandamizwa inairudishia pistoni msukumo ikifika juu, kwa hiyo sehemu kubwa ya kile ulichodhani umekipunguza kinarudi. Petroli ukiachia mguu, mlango wa hewa unafunga, injini inahangaika kuvuta hewa isiyokuwepo, na huko kuhangaika ndiko kunakoshika gari. Dizeli ya kawaida haina mlango huo. Malori makubwa yanawekewa breki ya moshi, inayoziba bomba la moshi ili injini ishike gari, kwa sababu hiyohiyo. 1HZ ilitushika vizuri kwa kuwa gia zake ni fupi na vyuma vyake ni vizito, lakini ukishuka kwa gia ya nne ukategemea jina la dizeli, utainusa breki kabla hujafika kwenye maduka ya vinyago. Shuka na gia uliyopandia, au ndogo kuliko hiyo.

Na breki za tela ni habari ya peke yake. Watengenezaji wengi wa pickup wanaweka kikomo cha kilo 750 kwa tela lisilo na breki, hata kama gari hilohilo linaruhusiwa kuvuta tani tatu na nusu za tela lenye breki. Barabarani ninayaona matela yaliyochomelewa mtaani, yamebeba tani na zaidi, hayana hata waya wa breki, na mwenyewe anakueleza kwa fahari injini yake ni ya dizeli. Letu lina breki ya kusukumwa: gari likipunguza mwendo, tela linalisogelea, ule msukumo wa kwenye shingo ndio unaokaza breki za magurudumu ya tela. Ni kifaa rahisi tu, ila kinataka grisi na kukaguliwa kila safari, maana vumbi la Naabi, geti la kuingilia Serengeti, linakaba chochote kinachoteleza.

Magari yenyewe siku hizi yamebadilika, na hapo jibu langu nalo linabadilika. Hilux mpya ya dizeli ya lita 2.8 ina turbo tangu kiwandani na inatoa Nm 450 au 500 kutegemea toleo, tena kuanzia mizunguko kama 1,600. Ndugu yake ya petroli ya lita 2.7 inatoa takriban 245, na inataka izungushwe karibu na 4,000 ndipo izitoe. Huko ukingoni turbo inafidia sehemu kubwa ya hewa iliyopungua, na petroli haina cha kuifidia. Kwa mara ya kwanza dizeli imeshinda mlima, mafuta na mwendo kwa pamoja. Nikiulizwa na mtu wa kazi kama yetu, anayevuta kila wiki, simzungushi: dizeli ya turbo, basi.

Nitamuuliza jambo moja tu, amelitoa wapi gari. Dizeli mpya inasukuma mafuta kwa shinikizo la maelfu ya bar, na tundu za nozeli zake ni nyembamba kiasi kwamba maji na vumbi ambavyo 1HZ ingevimeza na kukohoa, hii inakufa navyo. Na zile zinazokuja zimetumika kutoka Japani au Ulaya, nyingi zina chujio la masizi kwenye bomba la moshi, nyingine zinataka na maji ya urea. Chujio lile linajisafisha gari likienda mwendo mrefu na wa moto. Ukilifanyisha gari kazi ya kupeleka watoto shule Njiro, hapa hapa Arusha, wiki nzima na kuvuta tela mara moja kwa msimu, chujio linaziba, taa zinawaka, na unaanza kutafuta fundi mwenye kompyuta. Huyo mtu wa safari moja kwa msimu ningempa petroli bila kusita. Hizo lita 150 za kila kilomita 1,000 hatazifikia kwa miaka, na bei ya seti moja ya nozeli za kisasa inamnunulia petroli nyingi sana.

Shemeji yangu wa Tanga alinipigia kuniuliza jambo hilihili. Ana boti ya fiberi ya uvuvi, na kazi ya gari ni kuitoa nyumbani kuipeleka ufukweni na kuirudisha, kilomita chache, hakuna mlima, hewa nzito ya bahari. Alikuwa ameshaambiwa na kila mtu atafute dizeli. Nikamuuliza anavuta mara ngapi kwa mwezi, akanijibu, nikamwambia, "Shemeji, chukua ile ya petroli uliyoipenda, ila iwe inavuta magurudumu yote manne, kwa sababu ya mchanga." Ameichukua. Mafuta hayajamsumbua. Kinachomla hela ni beringi za tela, kwa sababu anazishusha ndani ya maji ya chumvi zikiwa bado za moto kutoka barabarani, zikipoa ghafla zinavuta maji ndani. Nimemwambia awe anasubiri zipoe kwanza, na awe anazipiga grisi kila akirudi. Anasema samaki hawasubiri.